MAJI YA REJETA HAYAPOTEI BURE
Jinsi ya kutafuta mahali gari linapovujia, hasa asubuhi za baridi



Kuanzia Juni hadi Agosti sisi wa Runyenjes twajua mambo yalivyo. Ukungu unashuka kutoka Mlima Kenya, jua halionekani mpaka karibu saa sita, na sweta haitoki mwilini. Hii ndiyo miezi ambayo dereva husema, "Baridi hii, gari haiwezi kuchemsha!" Ni kweli kwamba hewa ya baridi huisaidia rejeta. Lakini hapo ndipo hatari inapojificha. Gari linalovuja kidogo kidogo mwezi wa Julai halipigi kelele. Mshale wa joto unakaa mahali pake, dereva anaongeza maji nusu chupa kila Jumatatu, na kazi inaendelea. Kisha jua la Januari linakuja, au gari linapakiwa magunia ya kahawa na kupandishwa mlima. Siku hiyo ndiyo deni linadaiwa lote kwa pamoja.

Tukumbuke gari ni nini kwetu. Pikapu moja hubeba mbolea, mahindi na ndizi za majirani. Gari hilo hilo ndilo linaloamshwa saa nane za usiku kumpeleka mama mjamzito Kyeni au Embu. Likikwama njiani, haumii mwenye gari peke yake. Ndiyo sababu tumeona tuandike habari hii kwa lugha ya kawaida, ili hata asiyeshika spana ajue la kuangalia na la kumwambia fundi.

NENO LA KWANZA: GARI ZIMA HALINYWI MAJI

Wengi wamezoea kusema, "Hii gari inakunywa maji." Gari halinywi maji. Maji ya kupoza injini huzunguka mahali palipofungwa. Pampu huyasukuma yapite ndani ya injini, yachukue joto, yaingie kwenye rejeta yapoe, kisha yarudi tena. Gari likiwa zima, waweza kukaa miezi mingi bila kuongeza zaidi ya kidogo sana. Ukiona unaongeza kila wiki, jua kuna njia yanakotokea. Njia hizo ni tatu tu: yanavuja nje, yanaingia ndani ya injini, au yanatoka kama mvuke kupitia kifuniko kibovu.

Usidharau tone. Matone 20 hivi hufanya mililita moja. Tone moja kwa kila sekunde ni kama mililita 180 kwa saa. Gari likilala saa nane likidondoka hivyo, limepoteza karibu lita moja na nusu. Injini za magari mengi madogo hubeba lita tano mpaka saba tu. Hesabu mwenyewe.

KWA NINI YANAVUJA ASUBUHI NA MCHANA PAKAVU?

Hili ndilo linalowasumbua madereva wengi wakati wa baridi. Saa kumi na mbili asubuhi unakuta unyevu chini ya gari. Unalipeleka kwa fundi saa sita, anaangalia, anapapasa, anasema, "Mzee, hapa hakuna kitu." Wote wawili mnasema kweli.

Paipu za maji ni za mpira, na zimevishwa kwenye midomo ya chuma, alumini au plastiki, kisha zikakazwa na klipu. Baridi ikiingia, kila kimoja husinyaa kwa kipimo chake. Mpira uliozeeka huwa mgumu na haurudi vizuri kushika mdomo wa chuma. Nafasi ndogo kama unywele inabaki, na maji hupita hapo. Injini ikipata joto, mpira unalainika, chuma kinatanuka, na ufa unajifunga. Kwa hiyo uvujaji wa namna hii hutafutwa gari likiwa baridi. Ukimpelekea fundi gari lenye moto umemfungia ushahidi.

Upo pia uvujaji wa kinyume. Huu hutokea gari likiwa na moto tu, kwa sababu maji yakipata joto nguvu ya msukumo ndani huongezeka. Hapo maji hutoka kama marashi, yanaangukia injini yenye moto na kukauka kabla ya kufika chini. Hutaona tone. Utaona doa jeupe, la kijani au la rangi ya waridi lililokauka kama chumvi, na pengine utasikia harufu tamutamu.

HATUA ZA KUFUATA

1. Pima wakati uleule. Asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare, angalia maji kwenye mtungi wa akiba. Piga mstari kwa kalamu ya wino mzito. Rudia kila asubuhi kwa juma zima. Usilinganishe maji ya jioni na ya asubuhi, maana maji ya moto hutanuka na mtungi utakudanganya.

2. Tandika katoni. Jioni weka katoni kavu chini ya injini na uiwekee alama upande wa mbele ni upi. Asubuhi itakuonyesha tone limeangukia wapi. Oili huwa nyeusi au ya kahawia na inateleza. Kulanti huwa ya kijani, nyekundu, ya waridi au buluu. Maji matupu yenye kutu huacha doa la rangi ya udongo wetu. Kama ulikuwa umewasha kiyoyozi, maji safi yasiyo na rangi wala harufu yanayodondoka karibu na miguu ya abiria hayana neno.

3. Shika tochi kabla ya kushika ufunguo. Gari likiwa baridi, fuata paipu ya juu ya rejeta, kisha ya chini, kisha zile ndogo mbili zinazoingia ukutani kwenda kwenye hita. Papasa chini ya kila klipu, kwa sababu tone hukusanyika chini. Minya paipu. Ikiwa imepasuka vijistari, imevimba, au ni ngumu kama kuni, muda wake umekwisha.

4. Washa na uangalie tena. Weka mikono, kitenge na mikono ya sweta mbali na belti na feni. Angalia dakika ya kwanza, kisha baada ya dakika kumi na tano. Andika uvujaji ulionekana wakati gani. Habari hiyo itampunguzia fundi kazi nusu.

MAHALI PANAPOVUJA SANA

Rejeta yenyewe. Magari mengi ya siku hizi yana rejeta ya alumini yenye vichwa vya plastiki. Mahali plastiki inapokutana na alumini ndipo panapochoka kwanza. Angalia ule mshono pande zote.

Pampu ya maji. Chini yake kuna kitundu kidogo. Kitundu hicho kiliwekwa makusudi, na maji yakianza kutokea hapo, sili ya ndani imekwisha. Wako wanaokiziba. Ukikiziba, maji yataingia kwenye beringi, pampu itakwama, na belti itakatika.

Nyumba ya themostati. Hapa kuna gasketi au mpira mdogo wa bei ndogo. Huvuja polepole na kuacha doa jeupe.

Plagi za ubavuni mwa injini. Hivi ni vifuniko vya mviringo vya bati vilivyopigwa kwenye matundu ya bloku. Maji yenye kutu huvila kutoka ndani. Vingine viko nyuma ya injini mahali usipoona, kwa hiyo ukiona maji yanatoka katikati ya injini na giaboksi, mtajie fundi plagi hizi.

Rejeta ndogo ya hita. Hii iko ndani ya gari, chini ya dashibodi. Ikivuja, zulia la mbele linalowa, kioo kinapata ukungu wa mafuta usiofutika vizuri, na harufu tamu inaingia ndani. Wakati wa baridi hita huwashwa sana, hivyo ndipo wengi hugundua. Na hita ikianza kupuliza hewa baridi ilhali injini ina moto, kwanza angalia kama maji yamepungua.

KIFUNIKO KIDOGO, KAZI KUBWA

Tunaomba msomaji asome sehemu hii mara mbili, maana inatuhusu sisi wa milimani.

Pwani, maji yaliyo wazi huchemka yakifika nyuzi 100. Hapa Runyenjes tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Sasa, injini nyingi hufanya kazi kwenye nyuzi 90 au zaidi kidogo. Nafasi iliyobaki ni ndogo mno!

Kinachotuokoa ni kifuniko cha rejeta. Ndani yake kuna springi inayozuia maji yasitoke mpaka msukumo ufike kipimo fulani. Vifuniko vingi vya magari ya Japani vimeandikwa 0.9 au 1.1. Kifuniko kizima cha 0.9 hupandisha kiwango cha kuchemka mpaka karibu nyuzi 115 hapa kwetu. Springi ikilegea au mpira wake ukikatika, tumerudi kwenye 95. Gari litachemsha kwenye mlima wa kwanza ingawa halina ufa popote, na maji yatatoka kama mvuke bila kuacha alama.

Kwa hiyo kabla ya kununua rejeta, angalia kifuniko. Usikubali kuuziwa cha namba nyingine kwa sababu tu kinaingia. Kikizidi namba, paipu nzee zitapasuka.

Fundi mwenye vifaa ana pampu ndogo ya mkono yenye geji. Huifunga kwenye mdomo wa rejeta gari likiwa baridi, akasukuma hewa mpaka kipimo kilichoandikwa kwenye kifuniko, akangoja dakika kumi mpaka kumi na tano. Mshale ukishuka, kuna tundu. Kifuniko nacho hupimwa vivyo hivyo. Muulize fundi wako kama anayo kabla hajaanza kufungua kitu.

IKIWA HAKUNA TONE NJE

Hapa pana mambo mazito, lakini tusiogope bure. Asubuhi ya baridi, moshi mweupe ukitoka nyuma ni jambo la kawaida. Petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji, na baridi huugeuza kuwa ukungu, kama pumzi yako mwenyewe. Hata matone mdomoni mwa ekzosi si ugonjwa. Ngoja injini ipate moto. Moshi ukiisha, gari li salama. Ukiendelea kuwa mweupe mzito baada ya kilomita kadhaa, tena una harufu tamu, basi huenda maji yanaingia kwenye silinda kwa sababu gasketi ya hedi imeungua.

Dalili nyingine ni hizi. Oili kwenye kijiti cha kupimia inageuka rangi ya chai ya maziwa. Mapovu yanatoka bila kukoma kwenye mdomo wa rejeta, uliofunguliwa gari likiwa bado baridi kisha likawashwa. Paipu ya juu inakuwa ngumu ndani ya dakika moja au mbili baada ya kuwasha, kabla ya injini kupata joto. Jambo la tahadhari: gari la safari fupifupi wakati wa baridi laweza kuwa na utando mdogo wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili tu. Huo ni unyevu wa hewa. Angalia kijiti. Kama oili ya kwenye kijiti ni safi, usikubali hedi ifunguliwe siku hiyo.

Lakini oili ikiwa imechanganyika kweli na maji, usiwashe gari tena, hata kulifikisha nyumbani. Oili yenye maji hailindi beringi za injini. Livutwe.

KULANTI SI YA WAZUNGU PEKE YAO

Mara nyingi tunasikia, "Kulanti ni ya huko theluji inakoanguka. Hapa tunatia maji ya mto." Tueleze jambo hili lilianzia wapi.

Maji matupu huganda kwenye nyuzi sifuri, na yakiganda hutanuka kwa karibu sehemu tisa kwa mia. Yakigandia ndani ya injini, nguvu hiyo hupasua rejeta na hata chuma cha bloku. Ndugu zetu wanaoishi Minnesota au Kanada, ambako baridi hushuka chini ya nyuzi 20 ya sifuri, hawawezi kuthubutu kutia maji matupu. Hutia mchanganyiko wa nusu maji na nusu kulanti, ambao hauanzi kuganda mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Wala hawatii kulanti tupu. Ya kawaida, ambayo hutengenezwa kwa glaikoli, ikiwa tupu huganda kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri, yaani mapema kuliko ikichanganywa.

Hapa kwetu rejeta haigandi. Lakini kulanti ina kazi nyingine mbili. Ina dawa za kuzuia kutu, na huongeza kiwango cha kuchemka. Magari mengi tunayonunua yametoka Japani kupitia bandari ya Mombasa, na Japani kuna baridi ya kugandisha. Mengi yanakuja na kulanti ndani. Likivuja kidogo tunaongeza maji ya mto, tena na tena, mpaka dawa yote inaisha. Ndipo kutu inaanza. Kutu inakula plagi za bloku, inaziba njia nyembamba za rejeta, na uvujaji mdogo unazaa mkubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ikiwa uwezo wa kununua kulanti bado haujapatikana, ni afadhali maji ya mvua yaliyokingwa safi kuliko ya mtoni yenye udongo. Maji ya betri yaliyotiwa lebo kuwa ni maji safi ni mazuri zaidi kwa kuchanganya. Soma lebo vizuri, maana asidi ya betri huuzwa pia katika chupa zinazofanana.

Na hili ni la uhai: kulanti ya kawaida ni sumu, na ni tamu. Mtoto ataionja, mbwa ataila. Usiiweke kamwe kwenye chupa ya soda. Usiimwage shambani wala kwenye mfereji uendao mtoni. Mtu akiinywa, hata kidogo, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo bila kungoja dalili, na chupa yenye jina ichukuliwe.

LIKICHEMSHA BARABARANI

Barabara ya Embu kwenda Meru yapita mabonde na mito mingi. Likikukuta mlimani, fanya hivi:

- Zima kiyoyozi, washa hita mpaka mwisho ili ichukue joto kidogo, na utafute mahali salama pa kutoka barabarani. Abiria wakinung'unika, waeleze.
- Zima injini. Vuta breki ya mkono, zuia magurudumu kwa mawe, na uweke zile pembetatu nyekundu za tahadhari. Ukiondoka, mawe nayo yaondoke, yasije yakaua wengine.
- Usifungue kifuniko. Maji ya ndani yana joto kupita maji ya sufuriani, na msukumo ukitoka yatakurukia usoni. Makanga na madereva vijana ndio wanaoungua zaidi kwa haraka yao. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka paipu ya juu ishikike kwa mkono na ilegee ukiiminya. Kisha funika kwa kitambaa kinene, ukizungushe polepole.
- Usimwage maji baridi ndani ya injini yenye moto. Hedi ya alumini hujikunja au kupasuka. Ikishapoa, ongeza kidogo kidogo injini ikizunguka.

Mambo mawili ya mwisho. Kwanza, usimkubalie fundi atoe themostati aitupe, ati gari lipoe. Wakati wa baridi injini haitapata joto lake, itakula petroli zaidi na kuchakaa upesi, na tundu linalovuja litabaki palepale. Pili, wako watakaokushauri utie unga, yai, au dawa ya kuziba. Vitu hivi haviwezi kuchagua tundu baya. Huziba pia njia nzuri za rejeta na hita. Dawa ya dukani yaweza kukufikisha nyumbani ukiwa umekwama, lakini si matengenezo.

Ndugu msomaji, juma hili fanya kazi ya shilingi chache tu: kalamu, katoni na tochi. Amka kabla ya jua. Ukikuta mstari umeshuka, mpelekee fundi gari jioni, lilale kwake, alitazame asubuhi likiwa baridi kama ulivyoliona wewe. Klipu na paipu ni pesa ambazo wengi wetu twaweza kuzipata mwisho wa mwezi. Hedi na injini ni ng'ombe wa kuuzwa, na karo ya mtoto kungoja.